Nyimbo za Kukimbilia Gombani

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao watu wa mtaa wetu wa Madungu, Pemba, wakikuona unakimbia wanajua jambo moja tu: kuna aliyekufa. Asubuhi ya kwanza watu watatu walinisimamisha. Wa kwanza aliuliza nani. Wa pili hakujali nani, aliuliza anazikwa saa ngapi. Wa tatu, mwenye duka la jirani, alikuwa ameshavaa kofia yake na anafunga mlango ili anifuate. Nikawaeleza kwamba hakuna msiba, ni presha. Daktari kaniambia nipunguze chumvi na nitoe jasho. Mwenye duka alinitazama kwa huruma kubwa kuliko ambayo angenipa kama kweli ningefiwa.

"Sasa mwalimu," akasema, "presha si ya kupumzika hiyo?"

Kabla ya barabara nilikuwa nimejaribu jimu. Iko mjini Chake, chumba kimoja kirefu, vyuma vyake vingine ni vya kununua na vingine ni saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi. Muziki wa pale huchaguliwa na mwenye jimu, naye anapenda singeli, na spika yake ni ndefu kunipita mimi. Lakini ukuta wa pili kuna msikiti, kwa hiyo adhana ikianza muziki hukatwa hapo hapo. Alasiri moja nilikuwa nimelala chali chini ya chuma, nakisukuma juu, ninaguna kwa nguvu zangu zote kwa kuwa singeli ilikuwa inanifunika. Mwadhini akashika kipaza sauti. Muziki ukakatwa. Guno langu likabaki peke yake chumbani, refu, kama la ng'ombe anayezaa. Hakuna aliyecheka, wale vijana wana adabu. Mmoja alikuja akanishikia chuma, akaniuliza kwa upole kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani. Sikurudi tena.

Ndipo nikachagua barabara: kutoka mlangoni kwangu hadi uwanja wa Gombani na kurudi. Na barabara ikawa na shida yake, ambayo haikuwa vilima.

Lazima nieleze hali ya nyumba yangu. Mke wangu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kumtazama binti yetu aliyejifungua. Alikwenda kwa siku arubaini. Siku arubaini zikaisha, mtoto akatolewa nje, akakaa, akaota meno, akasimama dede, akatembea. Mke wangu yuko huko huko. Hatukugombana. Laiti tungegombana, maana ugomvi una mwanzo na mtu anaweza kuutafutia mwisho. Sisi tulikuwa tunazungumza kwenye simu kila Ijumaa baada ya sala, dakika chache, habari za mjukuu na habari za mvua. Nilikuwa nikimchekesha. Ninajua kuchekesha. Mwisho nasema, "Haya, tunakusubiri," kama vile tuko wengi.

Sasa mtu anayekimbia Pemba hapiti kimya. Toka Madungu hadi Gombani kuna baraza, kuna duka, kuna fundi baiskeli, kuna wanawake wanaofagia mbele ya milango yao, na wote hao wana salamu, na salamu zetu si za neno moja. Sabalkheri. Umeamkaje. Habari za tangu jana. Kisha ile ya mwisho, ambayo haikosekani: "Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Nyumbani kulikuwa na mimi, friji, na paka wa jirani aliyekuja kwa mambo yake mwenyewe. Nilikuwa nikisema uongo huo mara kumi na moja kabla jua halijapanda, na kila mara naufunga kwa kumshukuru Mungu. Kufikia Gombani moyo ulikuwa umechoka kwa sababu ambazo daktari hakuzipima.

Siku moja nilikwenda Konde kusimamia mitihani, na sokoni nikaona spika za masikioni, zile ndogo zisizo na waya, zinazoziba tundu la sikio kama kizibo cha chupa. Muuzaji alizisifu: "Ukivaa hizi, mtu akikutukana humsikii." Nikamwambia mimi tatizo langu ni wanaoniombea heri. Nikazichukua.

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika chuo. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchomeka tu kitu sikioni akakimbia. Lazima kwanza afanye utafiti. Nilikaa jioni nzima na daftari, naandika aina za muziki upande mmoja na mwendo wangu upande wa pili, kwa bidii ambayo tasnifu yangu ya shahada haikuipata.

Nilianza na singeli, kwa sababu kila kijana aliniambia hiyo ndiyo ya mazoezi. Singeli ni muziki wa watu ambao mioyo yao bado iko ndani ya waranti. Nilifuata mapigo yake kwa muda wa nyumba nne, ya tano nikashika ukuta. Nikahamia bongo fleva aliyonitumia binti yangu: mwendo mzuri, lakini kila wimbo ulikuwa na kijana anayeapa kwamba hatamwacha mtu, na mimi nilikuwa najua kuachana kunavyofanyika, kwamba hakuhitaji kiapo. Nikajaribu taarabu. Nilianza wimbo mlangoni kwangu. Violini zikaingia, kinanda kikajibu, violini zikarudia zilichokubaliana, nikafika Gombani, nikageuka, na ndiyo kwanza mwimbaji anafungua mdomo kusema kwamba ameachwa peke yake. Sikuhitaji kukimbia hadi Gombani kuambiwa hilo.

Kaswida za dufu zilikuwa na mwendo barabara, hatua na pigo, hatua na pigo, ila nilijiona kama mtu anayemtaja Mtume kwa ajili ya kitambi chake. Nikajaribu hata zile hotuba za kuhamasisha, ambapo mwanamume mmoja anapiga kelele juu ya ngoma: "Amka! Simba halali!" Nilikuwa nimeshaamka. Ndiyo maana nilikuwa barabarani.

Iliyonifaa niliipata ndani ya simu yangu mwenyewe. Ni kibati, ngoma yetu ya hapa Pemba, ile ambayo mapigo yake ni ya mbiombio na waimbaji wanajibizana kwa maneno ya papo hapo, huyu anachokoza, yule anarudisha. Niliirikodi mwenyewe kwenye harusi ya binti yetu, nimesimama karibu na wapigaji, nimeinua simu. Sauti mbaya, upepo umo ndani, mtoto analia mahali. Lakini mapigo yale na miguu yangu vilielewana tangu siku ya kwanza. Na katikati ya ile ngoma, karibu kabisa na simu, anasikika mwanamke akisema kwa ukali wa mapenzi: "Weka hiyo simu, wali unapoa!"

Ni mke wangu. Nilikuwa nimesahau kwamba amo.

Wanaojua mazoezi wanasema wimbo wenye nguvu uuweke pale mwili unapotaka kukata tamaa. Mimi nilipanga mambo yangu ili kile kipande kinikute kwenye mlima wa mwisho kabla ya uwanja. Wengine wana matarumbeta. Mimi nilikuwa na wali unapoa. Nilipanda mlima ule kama mtu anayewahi sahani, nikifika juu nasimama kutafuta pumzi, narudisha ngoma nyuma kidogo, nasikiliza tena.

Watu wa barabarani wakawa picha bila sauti. Niliona midomo inafunguka, mikono inainuka. Niliitikia kwa kichwa, nikaona nimetimiza wajibu. Baada ya wiki moja midomo ikaanza kupungua. Baada ya mbili, watu walikuwa wananitazama nikipita kama wanavyotazama gari la serikali. Nilifurahi, nilidhani wamenizoea.

Kisha nikaanza kuona vitu. Mwenye duka, ambaye zamani hakuweza kunipimia nusu kilo ya sukari bila kunipa habari za mtaa mzima, alinipimia na kunipa. Msikitini mtu wa kushoto kwangu alinipa mkono kisha akageuka kwa mwingine kabla sijauliza hali yake. Jumapili moja jioni nikiwa naosha sahani yangu, nikajaribu kukumbuka neno la mwisho nililomwambia binadamu uso kwa uso. Lilikuwa "amin," la Ijumaa, na tulilisema watu mia.

Siku spika zilipoishiwa chaji ndiyo nilipojua. Nilikuwa nimerudi kutoka Gombani na masikio matupu, nikasimama, mara ya kwanza tangu nizivae, kwa mama mmoja wa mtaani kwetu anayepika vitumbua mbele ya mlango wake. Tunamwita Bi Mkubwa. Mguu wake mmoja ni mbovu, kwa hiyo amekaa pale asubuhi zote na kila kitu kinampitia. Pembeni yake, kwenye ubao wa kukalia, alikuwepo dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu za hina, anakunywa chai.

"Asalaam aleikum, Bi Mkubwa."

"Waaleikum salaam," alijibu, kwa kuwa kuitikia ni faradhi. Hakuongeza rahmatullahi.

"Nifungie sita."

"Vimekwisha."

Beseni lilikuwa mbele yake, limejaa, limefunikwa nusu kwa kitambaa, linatoa mvuke. Nikalitazama. Yeye akalitazama. Dereva naye akalitazama, asipitwe.

"Na hivi?"

"Hivi vya watu."

"Mimi si mtu?"

"Sijui. Watu huitika."

Dereva alicheka hadi chai ikampalia.

"Wiki tatu nakwita," Bi Mkubwa akasema. "Wiki tatu, mwalimu! Nimekaa hapa na mguu wangu huu, nakwita mpaka koo lakauka, wewe wapita tu, kichwa kama mjusi kafiri. Hivi, hivi." Akanionyesha. Alinipata vizuri.

"Nilikuwa naitikia kwa kichwa."

"Kwa kichwa huitika mbuzi."

"Tena hapo kakuonea huruma," dereva akadakia. "Wewe hukutakiwa kuitika, ulitakiwa uanze. Aliyepanda humsalimia anayekwenda kwa miguu. Anayekwenda kwa miguu humsalimia aliyekaa. Ndiyo adabu yenyewe."

"Na anayekimbia?" nikauliza, nikiona kuna mwanya wa kielimu.

Akafikiri, ndevu mkononi. "Anayekimbia huulizwa anakimbia nini."

"Wewe chai yako imekwisha," Bi Mkubwa akamwambia.

"Haijesha, Bi."

"Imekwisha. Nenda kapakie watu."

Dereva akamtazama, akanitazama, akaelewa jambo ambalo mimi sikuwa nimelielewa bado. Alimwaga chai iliyobaki, akapiga pikipiki yake teke, akaondoka.

Bi Mkubwa akafuta mikono kwa ncha ya kanga. Sauti yake ikashuka.

"Mkeo alinipigia simu. Siku ile ile ndiyo nilianza kukwita."

"Mgonjwa?"

"Mzima. Wote wazima." Akageuza kitumbua ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. "Kasema apelekewe cherehani yake."

Cherehani ile ni ya miguu, ameipata kabla ya kunipata mimi. Kwa cherehani hiyo ameshona sare za nusu ya watoto wa Madungu, na mabuibui ya mama zao. Ilikuwa chumbani, chini ya dirisha, na tangu aondoke nilikuwa naitazama kila ninapolala, najiambia: mwanamke hahami akaiacha cherehani. Niliishika kama watu wanavyoshika hati ya shamba.

"Nazungumza naye kila Ijumaa," nikasema. "Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

"Kasema akikwambia utafanya mzaha."

Nikafungua mdomo. Mzaha ulikuwepo tayari, ulihusu cherehani na tiketi ya meli, na haukuwa mbaya. Nikaufunga mdomo.

"Bi Mkubwa, atarudi?"

Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo. Sikuwahi kumuuliza yeye mwenyewe.

"Mtu wa kurudi huagiza nguo, mwanangu. Haagizi cherehani."

Mafuta yalilia kwenye kikaango. Mwanamke mmoja alikuja na bakuli, akachukua vyake, akamsalimia Bi Mkubwa, akanisalimia na mimi, nikamwitikia kwa ukamilifu, mpaka wa nyumbani. "Hawajambo," nikasema, nikasikia jinsi lilivyo tupu. Alipokwisha kwenda nikamgeukia Bi Mkubwa.

"Mnajua wote?"

"Madungu nzima yajua. Tangu mwezi wa Ramadhani ya kwanza."

"Na kila siku mnaniuliza wa nyumbani hawajambo!"

Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyefika mwaka wa tatu bila kusoma kitu.

"Kwani twauliza tupate kujua?" akasema. Kisha akachukua karatasi. "Sita?"

Nilikuwa nanunua sita tangu tulipooana, vitatu vyake, vitatu vyangu. Kwa muda huu wote wa upweke nilikuwa nakula vyote sita, na ndipo nikienda kwa daktari kulalamika presha.

"Vitatu," nikasema.

Cherehani niliifungua mwenyewe Jumamosi asubuhi. Nilitoa skrubu, nikatenganisha kichwa na meza, nikakiviringisha ndani ya blanketi, nikalifunga kwa kamba ya katani, kisha nikafungua na kufunga upya kwa sababu fundo la kwanza lilikuwa la mtu asiyetaka kitu kisafiri. Pale ilipokuwa sakafuni palibaki vipande vya uzi wa rangi zote, pini, na kifungo kimoja cha shati langu. Mwenye duka alikuwa anasafiri kwenda Dar kuchukua bidhaa, akakubali kwenda nayo. Tuliipakia kwenye gari la kwenda bandarini Mkoani, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Alihema, nikamwambia mazoezi yanasaidia. Hakunijibu kwa mzaha. Alinishika bega, akasema, "Itafika, mwalimu," akapanda.

Wiki hiyo nilikimbia vibaya. Nilikuwa naweka spika moja tu, ya upande wa mashamba, na sikio la upande wa nyumba liko wazi. Nikigeuka Gombani naihamisha. Ile ngoma ya harusi niliitoa kwenye orodha. Si kwa hasira. Ilikuwa inanipeleka mbio kuliko daktari anavyoruhusu. Badala yake niliweka bongo fleva ya binti yangu, kijana wa kuapa, na nusu ya viapo vyake sikuvisikia kwa kuwa nilikuwa nasalimia. Ninaanza mimi sasa. Siku ya kwanza fundi baiskeli aliniitikia kwa tahadhari, kama anayepokea sarafu asiyoiamini. Wa nyumbani hawakuulizwa. Siku ya tatu waliulizwa.

"Wako Dar," nikamwambia. "Mimi niko peke yangu."

"Haya, Mungu akuweke," akasema, akarudi kwenye mnyororo wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwaka na nusu kwa ajili ya sentensi ile, na ilichukua muda wa pancha kupakwa gundi. Nilisimama nikisubiri kuona kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine. Nikaendelea kukimbia.

Mke wangu alipiga Jumatano. Hatukuwa na mazoea ya Jumatano.

"Imefika," akasema.

"Salama?"

"Salama. Umeifunga vizuri." Nyuma yake nilisikia feni, na mjukuu anagonga kitu cha bati bila mpangilio wowote. "Ila sindano imevunjika."

"Nitakutumia nyingine. Kuna mtu anasafiri wiki ijayo."

Akangoja. Miaka ishirini na sita ya ndoa inamfundisha mtu urefu wa pumzi ya mwenzake kabla ya mzaha, na nilijua kwamba anahesabu. Mzaha ulikuja, mzuri kabisa, wenye kichwa na miguu. Nikauacha upite.

"Mbona husemi kitu?" akauliza.

"Sina."

"Haya." Mjukuu aliacha kugonga, pengine amenyang'anywa. Sauti ya mke wangu ilirudi chini zaidi, karibu sana na simu. "Usihangaike na sindano. Huku zipo."